Alama ya Kujumlisha

Kwa miaka thelathini na moja watu wa Nyanda za Juu walisema kwamba Lusungwi ni bonde lenye mkosi. Mvua ilinyesha kushoto na kulia kwake, lenyewe likaambulia manyunyu. Wenye nguvu walihama, waliobaki walipanda ulezi na kuvumilia. Atuganile Mwaisumo, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa hisabati tumizi katika Chuo Kikuu cha Uporoto, alikuwa amesikia maneno hayo tangu utotoni na hakuwahi kuwa na sababu ya kuyabishia. Sababu aliipata Jumanne moja, saa nne asubuhi, maabara ikiwa imejaa wanafunzi wenzake, katika safu ya sitini na moja ya jedwali.

Kazi aliyopewa haikuwa kubwa. Kila alfajiri ndege mia nne zisizo na rubani, ambazo watu waliziita mbayuwayu, ziliruka kutoka uwandani kwenda kuyakamua mawingu. Mvua ya kujiendea ilikuwa imeharibika kabla Atuganile hajazaliwa. Ilipokuja ilikuja yote kwa siku moja, ikaondoka na udongo. Kwa hiyo sasa mvua ilipangwa. Mtambo wa Mamlaka ya Mvua ulipokea mahitaji ya mabonde tisini na sita, ukatazama mawingu yaliyopo, na kabla jua halijachomoza ukaamua mbayuwayu wangapi waende wapi. Uamuzi wote huo ulitoka katika mlinganyo mmoja, mstari mmoja tu wa maandishi, aliouandika Profesa Rwehumbiza akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Mstari ule ulichongwa kwenye lango la chuo. Wanafunzi wapya walipiga picha mbele yake pamoja na wazazi wao. Atuganile naye alikuwa na picha yake, yeye na mama yake, wametoa vifua mbele kana kwamba wameuandika wao.

Alitakiwa kukagua tu kama takwimu za zamani zimeingizwa sawasawa. Ili apate urahisi, akayapanga mabonde kwa kadiri kila moja lilivyokosa mvua mwaka hadi mwaka. Mwaka wa kwanza, la mwisho lilikuwa Lusungwi. Wa pili, Lusungwi. Akadhani amekosea kupanga, akafuta, akaanza upya. Alipomaliza, katika miaka thelathini na moja Lusungwi lilikuwa la mwisho mara ishirini na sita. Miaka mitano iliyobaki ilikuwa ile ya mawingu tele, ambamo hapakuwa na aliyekosa.

Hakumwambia mtu. Alichukua karatasi na penseli akaunda nchi ndogo ya mabonde matatu, mawili ya udongo mzuri na moja la mawe, kisha akaupitisha mlinganyo wa Profesa kwa mkono, hatua kwa hatua. Kufika saa saba mchana alikuwa ameona.

Mlinganyo ule ulifanya jambo la haki kabisa ukilitazama haraka. Ulijumlisha hasara ya mabonde yote, gunia kwa gunia, kisha ukatafuta mgawo wa mvua ambao jumla ya hasara ni ndogo kuliko zote. Gunia lililopotea Lusungwi na gunia lililopotea kwingine lilikuwa gunia lile lile. Lakini jumla haijui nani amekosa. Mtu mmoja akikosa sahani kumi za chakula, jumla ni kumi. Watu kumi wakikosa sahani moja moja, jumla ni kumi vilevile. Mtambo hauoni tofauti, basi hata tofauti ndogo ya udongo inatosha kuuelekeza. Siku ya kwanza unamchagua mwenye udongo wa mawe, maana kumnyima yeye kunapoteza magunia machache. Siku ya pili udongo ni ule ule, unamchagua tena. Upungufu wote wa nchi nzima unamwagwa mahali pamoja, kila mwaka, bila chuki na bila kuchoka.

Lusungwi halikuwa na mkosi hata kidogo. Lilichaguliwa kila siku alfajiri.

*

Profesa Rwehumbiza alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, mzaliwa wa Bukoba, mtu wa maneno machache ambaye bado alifundisha mwaka wa kwanza mwenyewe kwa sababu, alivyosema, kosa la mwaka wa kwanza ndilo linaloishi muda mrefu zaidi. Alikuwa pia msimamizi wa tasnifu ya Atuganile. Siku tatu binti yule alipita mbele ya mlango wa ofisi yake bila kubisha. Siku ya nne akabisha.

Alimwamkia, akaweka karatasi ya mabonde matatu mezani, akakaa akiitazama mikono yake. Profesa alisoma hadi mwisho, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha alivua miwani.

Alimweleza kilichotokea mwaka ule alioandika mlinganyo. Njaa ilikuwa imeingia katika mabonde yote, na serikali ilimpa siku tisa. Alijua kuna njia nyingine ya kupima hasara, ila mitambo ya wakati huo ingeikokotoa kwa siku mbili nzima, na mbayuwayu walitakiwa kuruka kila alfajiri. Akachagua jumla, kwa kuwa jumla ilikamilika kwa dakika arobaini. Msimu wa kwanza watu walivuna. Wakamchongea lango.

"Nilijua lazima awepo wa mwisho," alisema. "Nilidhani zamu itazunguka. Mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Sikurudi kutazama."

Atuganile aliinua macho. Mtu huyu ndiye aliyemfundisha kuthibitisha, ndiye aliyemtetea mwaka wa pili alipofeli somo la uwezekano na baraza la idara likataka arudishwe nyumbani. Akasema, "Samahani, Profesa."

"Usiniombe samahani kwa hesabu iliyo sahihi." Akavaa miwani tena, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya darasani. "Unapendekeza nini badala yake?"

Alipendekeza mraba. Chukua upungufu wa kila bonde, uzidishe kwa wenyewe kwanza, ndipo ujumlishe. Aliyekosa sahani kumi anahesabiwa mia. Watu kumi waliokosa sahani moja moja wanahesabiwa kumi tu. Mtambo ukiambiwa utafute jumla ndogo ya miraba, hautathubutu kumrundikia mtu mmoja, utasambaza upungufu kwa wote kidogo kidogo. Na mitambo ya siku hizi ingeimaliza kazi hiyo kabla maji ya chai hayajachemka.

Profesa alikubali kwa kichwa. Hata hivyo hakusifu. Aliuliza, "Mwaka wa tisa umeujaribu?"

Hakuwa ameujaribu.

"Ujaribu. Na wa ishirini na mbili. Halafu urudi."

*

Aliijaribu miaka yote thelathini na moja kwa mlinganyo mpya, na kwa ishirini na tisa kati yake majibu yalikuwa ya kufurahisha. Mavuno ya jumla yalishuka kidogo sana, na hapakuwa na bonde lililoachwa kabisa. Lakini mwaka wa tisa na wa ishirini na mbili ilikuwa miaka ya ukame mkali, na hapo mraba ulifanya jambo la kutisha. Mahindi yanapotoa mbelewele yakikosa maji, mkulima hapotezi robo ya shamba, anapoteza lote. Kwa mlinganyo wa zamani, miaka ile mabonde tisa hayakuvuna kitu na mengine yote yalivuna. Kwa mlinganyo wake Atuganile, upungufu ungesambazwa vizuri, kwa usawa, na mabonde arobaini yasingevuna kitu.

Sasa alielewa kwa nini Profesa hakusifu. Kanuni yake ya huruma, katika mwaka mbaya, ingeua watu wengi kuliko ile ya zamani.

Mambo mawili yalimjia, na aliyaona yote wazi. La kwanza ni kunyamaza. Lusungwi lilikuwa na watu elfu nne, Nyanda za Juu zilikuwa na milioni tatu wanaokula kila mwaka kwa sababu ya mstari uliochongwa langoni. La pili lilikuwa kuiweka miaka ile miwili kwenye kiambatisho, ukurasa wa mia na kitu, kwa herufi ndogo, mahali ambapo wasomaji wa tasnifu hawafiki. Usingekuwa uongo. Aliandika rasimu kwa namna hiyo ya pili, kisha akapanda gari kwenda kwao Rungwe kumweleza mama yake jambo la tatu, ambalo halikuwa la kinadharia: bonde lao wenyewe lingepungukiwa mvua.

Mama yake, Bi. Tusekile, alikuwa mkulima wa chai na mjumbe wa bonde lao katika Baraza la Mabonde. Alimkuta katika ukumbi wa ushirika akipima majani ya wanachama, akamsubiri hadi foleni ilipokwisha. Kisha akamweleza kila kitu kwa mfano wa sahani za chakula, na mama yake akasikiliza huku akipangusa mizani kwa kitambaa. Alipofika kwenye mraba, mama alimsimamisha akamrudisha nyuma mara mbili, hadi akaelewa kabisa.

"Na sisi hapa tutapungukiwa siku ngapi?" mama akauliza.

"Siku kumi na moja za mvua kwa mwaka, Mama."

Bi. Tusekile alikunja kitambaa. Siku kumi na moja kwenye chai ni mchumo mzima. Nyumba waliyoishi, karo ya sekondari, hata ile picha ya langoni, vyote vilitokana na michumo ya namna hiyo.

"Umezihesabu vizuri?"

"Mara saba."

"Zipo wapi kwenye hicho kitabu chako?"

Atuganile alisema zipo karibu na mwisho, pamoja na ile miaka miwili mibaya.

"Zilete mbele," mama alisema. "Kama tunanyang'anywa siku kumi na moja, tuambiwe kwanza, siyo tuje kuzikuta chini ya uvungu. Na hao wa miaka mibaya waambiwe vilevile. Sikukusomesha uje kutuficha mambo, mwanangu. Waliotuficha walikuwepo tayari."

Aliporudi chuoni aliiandika upya tasnifu kuanzia ukurasa wa kwanza. Ukurasa huo ulikuwa na jedwali moja tu: nani atapata, nani atapungukiwa, na miaka miwili ambayo kanuni mpya ingeshindwa. Na kwa kuwa sasa lile lililomsumbua lilikuwa limekaa mbele ya macho yake badala ya kiambatishoni, hatimaye alilifikiria hadi mwisho, na katika wiki ya tatu akaona la kufanya.

*

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika ukumbi mkubwa, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Mamlaka ya Mvua ilimtuma mhandisi wake mkuu, Bwana Chaula, mtu mpole mwenye sauti nzito aliyekuwa ameutunza mtambo kwa miaka kumi na minane na kuupenda kama mtu anavyopenda gari lisilowahi kumwangusha. Jopo lilikuwa la wahadhiri watatu. Profesa Rwehumbiza alikaa pembeni, kwa kuwa msimamizi hana kura. Bi. Tusekile alikaa safu ya tatu, amevaa kitenge kipya.

Atuganile alianza na jedwali la ukurasa wa kwanza. Alizisoma siku kumi na moja za Rungwe kwa sauti, akasoma mabonde arobaini ya mwaka wa tisa, na minong'ono ikaanza. Mhandisi Chaula hakungoja mwisho. Aliuliza, bila ukali, kwa nini basi mtu aubadilishe mtambo uliolisha nchi kwa miaka thelathini na moja, ikiwa mwandishi mwenyewe anakiri kwamba kanuni yake inaweza kuleta maafa. Kisha akaongeza kwamba kuchagua nani akose ni kazi ya serikali, haimhusu mwanahisabati.

"Ni kweli haimhusu, Mhandisi," alijibu Atuganile. "Lakini tayari amechagua. Alama ya kujumlisha ndiyo iliyochagua. Tulipoiweka pale tuliamua kwamba bonde moja likose kwa niaba ya wote, na kwa kuwa ilikuwa alama tu, hatukumwambia mtu. Wala sisi wenyewe hatukujiambia."

Akageukia ubao akaeleza lile aliloliona wiki ya tatu. Miaka ya kawaida, mraba utumike. Lakini mtambo hujua mapema, wiki sita kabla ya kupanda, mawingu ya msimu yatakuwa kiasi gani. Yakiwa chini ya kiwango fulani, alichokikokotoa na kukiandika ubaoni hatua zote, mtambo usiamue lolote. Usimame, utoe namba zake wazi, na Baraza la Mabonde likae. Huenda mabonde tisa yatakosa kama zamani, kwa kuwa hiyo ndiyo hesabu ya mwaka mbaya na hakuna kanuni ya kuifuta. Tofauti ni kwamba yatajua kabla ya kutia mbegu ardhini, na mengine themanini na saba yatajua yamevuna kwa sababu nani amekosa, na ghala zitafunguliwa kwa majina ya waliokosa.

"Katika mwaka wa tisa," alisema, "chakula kilichobaki kwenye ghala za mabonde yaliyovuna kingetosha kuyalisha yale tisa mara mbili. Hakikupelekwa kwa sababu hapakuwa na aliyejua kwamba anadaiwa shukrani."

Mhandisi Chaula aliuliza maswali mengine kumi na mawili. Yalikuwa maswali mazuri, na mawili kati yake Atuganile alijibu kwamba hajui. Kisha mwenyekiti wa jopo akamuuliza msimamizi kama ana neno.

Profesa Rwehumbiza alisimama polepole. Alisema kwamba ameandika makala sitini na mbili na amepewa nishani nne, na kwamba mlinganyo wake ulikuwa sahihi kwa siku tisa alizopewa na ukawa kosa kwa miaka thelathini na moja ambayo hakuurudia. Kisha alimwangalia mwanafunzi wake.

"Nimefundisha ili siku moja mtu anisahihishe," alisema. "Sikutegemea angenisahihisha vizuri kiasi hiki. Nina fahari."

Akakaa. Wengi ukumbini walikuwa wanafunzi wake wa zamani, na waliinuka mmoja mmoja, bila kelele, mpaka ukumbi mzima ukawa umesimama. Atuganile alibaki na chaki mkononi, hajui aitue wapi.

*

Baraza la Mabonde lilijadili kwa siku tano, na mara mbili mjadala ulikaribia kuvunjika. Wajumbe wa mabonde yenye rutuba walisema hawakumnyima mtu kitu, kwa hiyo hawana cha kurudisha. Jibu lao lilitoka kwa Bi. Tusekile, ambaye katika miaka yake sita barazani hakuwahi kuomba nafasi ya kusema. Alisema yeye pia hakunyima, na kwamba chai yake imekunywa mvua ya Lusungwi tangu alipoolewa bila yeye kujua, na sasa anajua. Hakuwa na zaidi. Kura zilipopigwa, sitini na moja zilikubali kanuni mpya kwa msimu mmoja wa majaribio, thelathini na tano zikakataa. Ule wa Rungwe ulikuwa miongoni mwa mikono ya kwanza kuinuka.

Lilijitokeza jambo moja ambalo halikuwa limefikiriwa. Lusungwi halikuwa na kipimo cha mvua. Miaka yote takwimu zake zilikadiriwa kutoka angani, maana hakuna aliyeona faida ya kupima manyunyu. Chuo kikamtuma Atuganile aende akasimike kipimo na amfundishe mtu wa kukisoma.

Alifika mwezi wa kumi na mbili. Wanakijiji walimchagua Bi. Sekela, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu aliyetembea kwa fimbo na kuuliza maswali mengi kuliko jopo la chuo. Atuganile alimweleza kila kitu, pamoja na mlinganyo, lango na alama ya kujumlisha, kwa kuwa aliona ana haki ya kujua. Bi. Sekela alisikiliza. Baadaye alisema kwamba wanawe wawili walihama kwa sababu ya ile alama. Hakulia wala hakugomba. Alitaka kuoneshwa kipimo kinavyosomwa.

Asubuhi ya tatu mbayuwayu walikuja. Waliingia kwa upande wa mashariki, wakazunguka juu ya mashamba ya ulezi, na wingu likaachia. Ilinyesha kwa saa mbili na nusu, mvua ya taratibu, ya kuzama ardhini. Watu walitoka wakasimama nje wakilowa, na walizungumza kwa sauti za chini kama watu walio msibani au kanisani.

Ilipokatika, wawili wale walienda kwenye kipimo. Mtambo ulikuwa umeahidi milimita ishirini na mbili. Bi. Sekela aliinama, akafunga jicho moja, akasoma kumi na tisa. Simu ya Atuganile ililia papo hapo. Alikuwa mtu wa zamu wa Mamlaka, aliyetaka kujua kama aandike tu ishirini na mbili, kwa kuwa tofauti ni ndogo na ripoti ya siku ya kwanza ingependeza.

"Andika kumi na tisa," Atuganile alisema. "Tumesoma hapa kumi na tisa."

Alikata simu, akafungua daftari jipya, akatafuta kalamu. Halafu akabadili nia na kumkabidhi Bi. Sekela vyote viwili. Mwalimu yule alilipangusa daftari kwa upindo wa kanga, akaandika tarehe, akaandika jina la bonde kwa herufi kubwa, na mbele yake namba. Chini akatia saini yake ndefu ya ualimu, yenye mkia. Kisha akaliinua daftari mbali kidogo na macho, akalitazama kwa muda, na kuuliza kesho wasome saa ngapi.